Mabosi Wawili, Tanuri Moja

Nyuma ya nyumba ya mama yangu, Misikhu, kuna tanuri la matofali ambalo kuku hutagia ndani. Lilijengwa kwa ajili yangu.

Wakati huo nilikuwa na kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa nilikanda unga katika kiwanda kidogo cha mikate Kitale. Ijumaa jioni nilishuka Bungoma, na wikendi yote nikapika chapati na mandazi kwenye hoteli moja karibu na msikiti. Kabla ya hapo nilikuwa nimezurura sana: nimepakia mahindi Tongaren, nimebeba marobota ya mitumba Lwakhakha. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sikuweza kutulia mahali, wala kupita kitu bila kuuliza kinafanyaje kazi. Makato ya mshahara tu ndiyo sikuwahi kuyauliza. Kila bosi alikata kodi kabla ya kunilipa, nami nikaona serikali imeshakula, tumemalizana.

Wala sikumwambia bosi mmoja habari za mwingine. Kwetu hilo halisemwi. Bosi akijua una kwingine, anaona moyo wako uko nusu, na kazi ikipungua wewe ndiye wa kwanza kupumzishwa. Mwenzangu wa kule kiwandani, mtu wa Mlima Elgon, alinionya mapema.

"Wake wawili wakijuana wanaweza kuzoeana," alisema. "Mabosi wawili wakijuana, bana, wewe utalala nje."

Kisha mama akasikia kwamba shule ya bweni iliyo jirani yake inatafuta mtu wa kuwapelekea mikate kila asubuhi. Alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki, na magoti yalikuwa yameanza kumkatalia. Aliuza ndama, akaita fundi, na niliposhuka kumwona nilikuta tanuri limeshasimama.

"Sasa si utakaa, baba?" aliniuliza.

"Nitakaa, mama."

Nilimaanisha. Kwa mara ya kwanza miguu haikuniwasha.

Mhasibu wa shule alionja mikate niliyoipika kule kiwandani, akaipenda. Akataka kitu kimoja tu: cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi kodi, kimfikie kabla ya Ijumaa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda saiba moja Bungoma, duka la huduma za mtandao. Dada wa pale ndiye aliyekuwa akinijazia marejesho ya kodi kila Juni, kwa karatasi ya makato ya Kitale niliyompelekea. Safari hii alikodolea kompyuta macho, akanigeukia.

"Kaka, mbona huku una waajiri wawili? Ati hata mimi umenificha?"

"Lakini wote wananikata."

"Wanakukata, ndiyo. Na kila mwezi wote wawili wanakusamehe. Sheria inampa mtu unafuu kidogo kwenye kodi yake. Wa Kitale amekupa, na wa Bungoma, akidhani yuko peke yake, naye amekupa. Unafuu ni wa mtu, si wa kazi. Wewe una miili miwili?"

Nilivuta kiti nikaketi. Akanieleza kwamba mishahara yote hujumlishwa. Wa Bungoma hauanzi chini, unapandishwa juu ya ule wa Kitale, na kule juu kiwango cha kodi ni kikubwa zaidi. Kama ningemwambia bosi wa hoteli kwamba yeye ni wa pili, angekata bila ule unafuu na kwa kiwango cha juu, kidogo kidogo, na nisingekuwa na deni hili linalozuia cheti.

"Na mikate yangu mwenyewe?" niliuliza. Bado nilitaka kujua.

"Hiyo haina bosi wa kukukatia. Utaweka hesabu ya mauzo, utoe gharama, faida ijumlishwe na mishahara. Kodi utapeleka wewe."

Lilikuwa jambo rahisi kabisa. Kukaa kwangu Misikhu kulikuwa kumening'inia hapo, na hakuna aliyewahi kunieleza, wala sikuuliza.

Tuliomba watu wa kodi wakubali nilipe deni polepole, ndipo watoe cheti. Jibu la kukubaliwa lilikuja wiki iliyofuata. Ijumaa ilikuwa imepita, na mhasibu alikuwa ameshampa kazi mtu wa Webuye.

Nilimkuta mama akifagia mbele ya tanuri, nikamsimulia yote.

"Kwa hivyo mikate haina makosa?" aliuliza.

"Haina, mama."

"Na wewe, utakaa?"

Nilimwambia lazima nirudi Kitale, deni linataka mishahara yote miwili. Alitingisha kichwa, akaendelea kufagia. Bosi wa hoteli nilimweleza ukweli, naye akaanza kunikata inavyotakiwa. Mvua zilipoleta uhaba wa wateja, alinipumzisha mimi kwanza.

Tanuri halijawahi kuwashwa. Mara ya mwisho nilipokwenda, mama aliingiza mkono mle ndani, akatoa mayai mawili yenye joto bado, akanikaangia. Aliketi akinitazama nikila. Safari hiyo hakuuliza.