Mbishi wa Burma

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, na kwa miaka ishirini na mbili kalamu yangu nyekundu imepigana vita na herufi moja. Wanafunzi wangu huzungumza Kisomali nyumbani, na Kisomali hakina "pa". Kwa hiyo polisi huwa bolisi, pesa huwa besa, na mtoto anayetaka kuniambia amepotea huniambia amebotea. Mimi husahihisha. Sichoki, ingawa wenzangu katika chumba cha walimu hunitania kwamba nitazikwa na kalamu hiyo. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja ambalo halikuwahi kupita chini ya kalamu yangu, na mwaka huu limenitoa jasho.

Neno lenyewe ni mbishi. Awowe, yaani babu aliyemzaa baba yangu, alikuwa askari wa Mfalme wa Waingereza, akapelekwa vitani Burma. Alifariki kabla sijazaliwa. Hakuacha picha wala medali. Kuhusu jeshi alimwachia aabo, baba yangu, maneno machache tu: kwamba hakukamatwa wala kulazimishwa, bali alitembea kwa miguu kutoka Kotile mpaka Garissa akajiandikisha mwenyewe, baba yake akimkataza; na kwamba huko jeshini, kwa Kiswahili cha jeshini, alikuwa mbishi.

Juu ya neno hilo aabo aliijenga familia nzima. Kaka yangu alipobishana na mwalimu mkuu mpaka mwalimu akasalimu amri, aabo alisema ni damu ya mbishi. Yeye mwenyewe alipogoma kuhamisha kibanda chake pale sokoni, ilikuwa damu ya mbishi. Na nilipomaliza kidato cha nne, wazee wakakaa kwenye mkeka kunitafutia mume, nami nikasema mbele yao kwamba naenda chuo cha ualimu, aabo aliwatazama akacheka.

"Huyu mtoto ni mbishi kama awowe yake," aliwaambia. "Mimi siwezi yeye. Hata Mzungu alishindwa."

Nikaenda chuo. Ndiyo maana siwezi kusimulia habari hii kama mtu wa pembeni. Mshahara wangu, chaki yangu, hata hiyo kalamu nyekundu, vyote vimetoka kwenye neno hilo.

Mwaka huu shule yangu iliamua kuandika ukutani majina ya wazee wa huku waliokuwa wanajeshi enzi za ukoloni: jina, mahali alipotumwa, kazi aliyofanya. Kila familia ilitakiwa kuleta ushahidi wa maandishi. Aabo anakaribia miaka themanini na magoti yake hayamtii tena, lakini simu anaijua vizuri. Alinipigia mara tatu kwa siku moja.

"Waandike mbishi," alisema. "Wasisahau hiyo."

Nikamwambia ubishi si cheo wala si kazi.

"Wewe tafuta karatasi," akasema, akakata simu.

Karatasi ilikuwa Kotile kwa eedo, dada yake mkubwa. Nilifika kwake adhuhuri nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akanipa maziwa kwanza, kwa sababu kwa eedo hakuna mazungumzo kabla ya maziwa. Kisha akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni na kunifungulia kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha jeshi cha rangi ya udongo, pembe zake zimeliwa na mchwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza, wino umefifia. Nikaliona jina la awowe. Nikaona kwamba alijiunga kwa hiari yake, na kifua changu kikapanuka. Burma ilikuwapo. Kisha nikafika penye kazi, na hapo paliandikwa kwamba alikuwa mpishi.

Nilisoma mara mbili. Halafu nikasema, "Eedo, wameandika kwamba awowe alikuwa mpishi."

"Ehe," alijibu, akifunga sanduku. "Si ndivyo tunavyosema siku zote? Mbishi."

"Eedo, aabo anamaanisha mtu asiyekubali kushindwa."

"Mimi nilidhani anamsifia baba kwa mapishi," alisema. "Alipika vizuri sana. Wali nilifundishwa naye."

Zaidi ya miaka sitini ndugu wawili wamelitamka neno moja, kila mmoja akisikia lake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na eedo akacheka kwa kuwa nacheka. Lakini njiani kurudi kicheko kiliniisha. Mwanamume wa kwetu hupika akiwa safarini na ngamia na hakuna anayemsema. Kuajiriwa kupikia watu ni jambo jingine, na wazee wa rika la aabo hulitaja kwa sauti ya chini. Nilikuwa naenda kumvua baba yangu vazi alilolivaa maisha yake yote.

Nilimwambia siku iliyofuata, baada ya chai. Nilimwambia waziwazi, sikuzunguka. Aabo alikisukuma kijitabu kikarudi upande wangu wa mkeka.

"Waambie hatukupata karatasi," alisema.

"Awowe asiandikwe kabisa?"

"Asiandikwe."

Nilikasirika. Nikakumbuka mtu yule aliyetoka Kotile kwa miguu, na sasa mwanawe wa kumzaa anataka afutwe kwa sababu ya sufuria. Nikamwambia aabo kwamba hatanyanyuka hapo mpaka nimsomee kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa. Pengine nilipandisha sauti. Nikaanza kumtafsiria kwa Kisomali: urefu wake, kovu la shavuni, chanjo alizodungwa, viatu alivyopewa. Aabo alikuwa anaangalia mlangoni. Kisha nikabandua kwa ukucha kurasa zilizokuwa zimegandana, ambazo kule Kotile sikuzifungua, nikafika ukurasa wa adhabu.

Awowe alifungiwa kolokoloni, mahabusu ya jeshi, siku kumi. Kosa lake ni kukataa amri ya kuwapikia askari Waislamu nyama ambayo hakuna Mwislamu aliyeshuhudia ikichinjwa. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine, palikuwa na mstari mmoja: kuanzia sasa mbuzi waletwe wakiwa hai, mpishi achinje mwenyewe. Na ukurasa wa mwisho, siku ya kumaliza utumishi wake: tabia nzuri sana.

"Soma tena," aabo alisema.

Nikasoma tena. Akaniambia nisome mara ya tatu, na safari hii midomo yake ilikuwa inanifuatisha. Akavua kofia, akajifutia uso kwa kofia hiyo, na hakunificha kwamba analia.

"Wao walikuwa na bunduki," alisema. "Yeye alikuwa na upawa tu. Na akakataa."

"Akakataa, na mbuzi wakaletwa," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akakivuta kijitabu mpaka kwenye goti lake. "Sasa andika kazi yake."

"Niandike mpishi?"

"Ndiyo. Mbishi."

Mchoraji wa ukuta ni mtu wa Mwingi, mwangalifu na kazi yake. Alikuwa amemsikia aabo kwenye simu yangu akilisisitiza neno lake, kwa hiyo aliponiona uwanjani aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hapa ni p ama b?" Nikamwambia ni p, na nikasimama nyuma yake mpaka herufi ikakamilika, kwa sababu ukweli ni ukweli na mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

Siku ya kuuzindua ukuta aabo alikuja na mkongojo wake na kofia iliyofuliwa. Hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alisimama karibu na jina la baba yake, akawa anamshika mkono kila mgeni aliyepita na kumsimulia juu ya nyama, siku kumi za kolokoloni na mbuzi walioletwa wakiwa hai. Kisha aliweka kidole kwenye neno la mwisho, rangi ikiwa bado mbichi, akalisoma kwa sauti ili uwanja wote usikie.

"Mbishi."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkobani mwangu. Sikumsahihisha.