Mmeipata?

Karani wa barua pepe ofisini kwetu Garissa haiamini kompyuta isiyolalamika. Siku hizi barua za kwenda mpakani hupotea bila taarifa yoyote ya kosa. Skrini husema "imetumwa", basi. Kwa hiyo kila akituma hushika redio ya mawasiliano na kuuliza neno moja tu: "Mmeipata?" Hataji zaidi, maana majambazi wa barabarani nao wana redio. Jana alituma kituo chetu cha Hulugho, mpakani, barua mbili: ya asubuhi kuruhusu gari la chanjo lisafiri, ya jioni kulizuia, kwa sababu watu wenye bunduki wameonekana njiani. Baada ya hiyo ya jioni akauliza, akajibiwa, "Tumepata," akaenda kuswali. Leo asubuhi nimemkuta ameshika redio kwa mikono miwili, kidole kikitafuta kitufe anachokijua miaka yote.

"Jana mlipata barua ngapi?"

"Moja tu, walaal, ndugu yangu. Ile ya kusema gari itoke. Imetoka alfajiri, imepita..."

Karani alibonyeza na kubonyeza ili amnyamazishe mtu wa Hulugho, lakini redio haimkatizi anayeongea. Sauti iliendelea, safi kabisa, mpaka ikataja njia ya gari.