Pumzi ya Jumamosi

Mwalimu wangu wa klarineti alipiga katika okestra kule Dar es Salaam mpaka meno ya mbele yakaanza kulegea, ndipo akarudi kwao Mlali kufundisha. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote, mtu mzima na ndevu zangu, nimetoka kumaliza masomo ya jioni, na mapafu yangu naapa yangezima moto wa miwa Turiani nzima.

Yeye hakubabaika. Darasa lake lilikuwa kilima kilicho nyuma ya nyumba. Unaanza chini na sauti moja, kwa pumzi moja, unapanda huku unapiga, na ole wako ikikatika kabla ya kufika kwenye migomba kule juu. Kilima chenyewe kirefu, ukifika juu unaweza kumwazima malaika kiberiti. Neno "vizuri" hakulitamka hata siku moja. Alisema tu, "Rudi Jumamosi."

Mwaka jana kiharusi kikamchukua upande mmoja wa mdomo. Nilipokwenda kumwona nikamwahidi kwamba siku yake ikifika nitampigia ule wimbo wa polepole, aliokuwa akiupiga peke yake okestra nzima ikiwa kimya. Akacheka kwa nusu ya uso.

"Mazishi yangu ni ya Kiislamu, bwana. Pale ni dua na udongo. Kama una la kunipigia, nipigie ningali nasikia."

"Sasa hivi, Mwalimu?"

"Unasubiri nivae suti?"

Nikapiga pale pale kando ya kitanda. Mkewe akaacha kuchambua mchele. Kwenye ile sehemu ndefu, ambayo haitaki mtu avute hewa katikati, nikavuta. Kidogo tu, kama mwizi. Mwalimu akafumbua macho.

"Umepumua."

"Kidogo, Mwalimu."

"Umepumua. Rudi Jumamosi."

Wiki ile nilihangaika kupanda miteremko ya mji ninakoishi huku napiga, mpaka dereva mmoja wa bodaboda akasimama kuniuliza kama nahitaji hospitali. Alhamisi nikaipata ile sauti, toka chini mpaka juu, haikukatika.

Ijumaa baada ya swala simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Mwanangu, mwalimu wako ametutoka. Tunazika kesho asubuhi."

Basi Jumamosi nikarudi, kama alivyosema. Klarineti niliiacha nyumbani. Kaburi lilichimbwa juu, karibu na migomba, kwa hiyo jeneza tulilipandisha kilima kile kile, watu wakipokezana mabega. Zamu yangu ilipofika nikavuta pumzi moja, nikaifunga, nikapanda nayo. Mimi kutia chumvi ndiyo kazi yangu, waulize wanaonijua, lakini hapa sitii hata punje. Aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Kaka, pumua bwana, utaanguka."

Sikupumua mpaka tulipomtua. Halafu nikabaki nimesimama pale, nasubiri kuambiwa nirudi lini.