Sukari Guru Mdomoni mwa Masanja

Jioni niliyosimama mbele ya taa ya sinema, kivuli changu kikafunika shuka lote, hata leo nikiikumbuka huinuka kitini, mwanangu. Si kwa aibu. Kwa hasira.

Ilikuwa Tinde, zama za Mwingereza, msimu wa kuuza pamba. Gari la sinema lilikuwa limefika, nasi tumeketi chini uwanjani, macho kwenye shuka jeupe. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Msemaji alisimama kando na kipaza sauti, akatueleza tunachokiona, na alichosema ndicho kilichokuwa. Watu wetu waliliamini shuka lile kuliko shahidi wa barazani.

Kabla ya picha kubwa wakaleta kipande cha kutuonjesha picha ya safari ijayo. Vijana walikuwa wameshaanza ubishi wao, kila mmoja bingwa wa sinema.

"Hakuna itakayoishinda ile ya zamani, ya mwizi wa ng'ombe!"

"Ile? Mwizi gani anakimbia porini viatu vinang'aa? Mimi nipe ya mamba."

"Mamba wako alilala kama gogo mpaka mwisho!"

Nikacheka nao. Kisha nikamwona mtoto wangu pale kwenye shuka.

Masanja wangu, ukubwa wa nyumba, ameketi mavumbini kati ya kuku, mdomo mweusi tititi.

"Tazameni mtoto wa mama mchafu!" msemaji akanguruma. "Anakula mavi ya kuku!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Hii sasa ndiyo picha!" akapiga makofi yule wa mamba. "Mwizi kashindwa!"

Mavi! Miezi michache nyuma, watu wa kamera walinikuta kliniki, wakaniomba nimkalishe chini. Alipolia, wao wenyewe wakampa kipande cha sukari guru anyamaze. Na katika picha isiyo na rangi, sukari guru na mavi ni ndugu.

Mama mkwe, aliyeketi nyuma yangu, akasema polepole, "Mama Masanja, nimeona kwa macho yangu. Kesho mtoto anahamia kwangu."

Na kwetu, ng'ombe wa mahari wakishatoka, mtoto ni wa ukoo wa baba. Nani angemzuia?

Ndipo nikainuka, nikaenda kusimama mbele ya ile taa.

"Toka, mama, unatuzibia!"

"Mwacheni, huyo ndiye mchafu mwenyewe!"

"Sitoki. Wewe msemaji, ulikuwepo? Ulionja?"

Akababaika. "Mimi nasema nilichoambiwa niseme, mama."

Asubuhi mama mkwe alimchukua Masanja kweli. Mimi nikaenda barazani kwa mtemi, matiti yamejaa maziwa, elimu yangu ya darasa la kumi kichwani. Bwana wa sinema akaitwa. Jioni ya siku hiyohiyo kipande kikaonyeshwa upya, na msemaji akayasema niliyoyadai. Mama mkwe akainuka mbele ya watu wote, akanifunga mtoto mgongoni. Yule kijana wa mamba alinung'unika kwamba picha imeharibiwa. Na iharibike!

Sasa sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi nakwambia, uliza kwanza nani kalisema, na alikuwa wapi. Ukionyeshwa mtu uchafuni, usikimbilie kucheka. Huenda aliyekuonyesha ndiye aliyempaka. Na ukionewa wewe, usilie jikoni. Mficha uchi hazai. Panda barazani, sema. Mungu akukuzie wanao, akupe na ulimi wa kuwatetea. Siku maneno yakikukauka, azima haya yangu, niliyoyasema nimesimama wima mbele ya wazee:

"Mtemi, mimi Mama Masanja namshtaki bwana huyu wa sinema. Nilikubali mwanangu apigwe picha. Sikukubali apakwe uongo. Kilichokuwa mdomoni mwake ni sukari guru, na watu wake wa kamera ndio waliompa. Nataka isemwe hivyo, kwa kipaza sauti kilekile, mbele ya watu walewale waliocheka. Na leo mtoto alale kwangu. Bado ananyonya."