Samaki wa Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anajua adabu moja tu: kupewa kiti kizuri na kusifiwa. Siku aliyotoka Bukavu na samaki wa baharini wa manjano ndani ya mfuko wa plastiki, alisimama katikati ya sebule akauinua juu, akingoja makofi. Mume wangu akapiga.

Tangi la maji ya chumvi niliachiwa na mzungu niliyemfanyia kazi, aliporudi kwao. Majirani hapa Kamembe walinicheka: ziwa lote la Kivu liko mlangoni, na mimi nakoroga chumvi kwenye ndoo ili nipate bahari. Hao hao waliocheka ndio waliokuja Jumapili baada ya misa kuwatazama samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa. Jike alikuwa akila kutoka vidoleni mwangu. Niliwapenda, na sioni haya kusema hivyo.

Nilimwambia shemeji kwamba samaki wake atakaa kwanza peke yake jikoni, ndani ya ndoo, wiki kadhaa, mpaka nijue kama hana vijidudu. Samaki anaweza kuonekana mzima kabisa na huku amevibeba. Alicheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mugeni munamufungia mu kuizine? Shemeki, mimi naleta zawadi, weye unaitupa mu ndoo?"

Na huyu ni mtu anayevuka mpaka wa Rusizi I, kutoka Kongo kuja huku Rwanda, kila wiki! Kila ugonjwa ulipozuka upande wa pili, alinawa mikono pale mpakani, akapimwa joto kwenye paji la uso, akatulia kama mtoto anayepokea komunyo ya kwanza. Binti yangu alipougua surua, bwana mkubwa hakukanyaga hata kizingiti. Alitusalimia kutoka barabarani, eti asiwapelekee watoto wake ugonjwa. Kumtenga mgonjwa anakujua vizuri sana, ila zawadi yake haiwezi kuwa na kasoro.

"Acha atie tu," mume wangu akaninong'oneza. "Ni mukubwa wetu."

Nilipokwenda kuchukua ndoo, shemeji akamwaga mfuko mzima tangini, samaki pamoja na maji yake machafu.

Haukupita muda, madoa meupe kama chembe za chumvi yakawatokea samaki wangu. Wakawa wanajisugua kwenye mawe, kisha wanahema karibu na uso wa maji. Niliwahamishia kwenye ndoo yenye dawa ya shaba, inayoua vijidudu hivyo, lakini nilikuwa nimechelewa. Dume alikufa kwanza. Jike alikataa chakula vidoleni mwangu, naye akafa. Nililia mbele ya mume wangu makusudi, anione vizuri.

Wa manjano akabaki tangini, mzima. Jumapili shemeji alipokuja kula, alimtazama akavimba kwa fahari.

"Munaona? Ya kwangu iko na nguvu."

Nilichukua wavu, nikamvua samaki wake, nikampeleka jikoni kwenye ndoo ya dawa. Tangi lilipaswa kukaa bila samaki hata mmoja mpaka vijidudu vife kwa njaa. Kisha nikachukua sahani ya shemeji, ugali na sambaza, dagaa wa Kivu, nikaiweka jikoni pia, mbele ya kigoda, kando ya ndoo.

"Karibu, shemeki. Ikala hapa na mugeni wako."

Mume wangu alinitazama, akarudi kwenye sahani yake. Shemeji alikwenda jikoni, akala pale pale, magoti yakigusa ndoo.