Mutu Mwenye Ruhusa ya Bunduki

Muzee Akonkwa wa mtaa wa Mabanga, Goma, alikuwa na bunduki ya kuwinda, pamoja na karatasi zake zote za ruhusa. Waasi walipoingia Goma mwaka 1998, walifungua rejista ya silaha, wakaona jina lake, wakamfunga yeye. Majirani wenye kalashnikov chini ya vitanda walikuja kumpa mke wake, Généreuse, pole. Baada ya miezi miwili aliachiliwa, akarudishiwa bunduki yake ikiwa mbovu.

Mwaka 2002 lava ya volkano ilifunika ofisi ya silaha na rejista yake. Généreuse alipiga makofi. Kisha ikatangazwa: kila mwenye bunduki aandikishwe upya. Akonkwa akavaa koti akaenda.

“Papa, wengine wako wapi?” karani aliuliza.

“Sijui. Mimi nafuata sheria.”

Karani akaita askari, kwa furaha: hatimaye wamepata mutu mwenye silaha.