Baba Esdras Anapima Gitare ku Base

Mu Kamina, muntu akitaka kununua gitare ya zamani, anaenda kwanza kumutafuta Ngoie Esdras, nyuma ya gare ya treni, aipime. Bapastere, bantu ya chorale ya kanisa, bale ya orchestre wenye kujifanya wakubwa, bote banapita kwake. Franga haulizake. Unamupa samaki ya ziwa Kisale ao kipande ya sabuni, inaisha. Ajabu ni moja tu: ule mwenye kupima gitare ya bantu bote, yeye mwenyewe hana gitare.

Alikuwa nayo. Aliiuza mwaka ule mama Tshala, bibi yake, alilala mu hospitali, iko sasa miaka kumi na mbili. Mama Tshala alikufa hata hivi. Mutoto yao moja, Papy, iko Lubumbashi, anapigaka simu siku ya Bonne Année, kama network inakubali. Basi baba Esdras alibaki na redio. Ukipita pale asubui, unamusikia anamujibu mwenye kusoma habari: "Bongo, weye! Unatudanganya!" Zamani nilikuwa nacheka. Kiisha niliacha.

Miye Djamila nauzisha bintu ya okazioni, yenye kutumikishwa, mu soko, na mingi inatoka ku Base, kambi ya askari. Askari akipata mutation, anatumwa muji ingine, bibi yake anapanga mali yote inje, mbele ya mulango: godoro, masufuria, viti. Anauza yote mu siku mbili, juu treni haibebake nyumba. Njo vile Mama Exaucée aliniita. Bwana yake alikuwa ameshatangulia Kindu, yeye alipashwa kumufuata na batoto.

Nilipima masufuria. Nilipima godoro, nikamwambia mukojo ya batoto yake ilishachora mule ramani ya Congo nzima, akacheka. Kiisha akatoa gitare mu shuka.

"Ilikuwa ya baba mukwe yangu," anasema. "Bwana yangu hajue kuipiga. Utanipa ngapi, mama Djamila?"

"Mama, miye najua sufuria. Gitare, sijue hata wapi mbele, wapi nyuma. Ngoja nikuletee mwenye kujua."

Nikakamata moto, pikipiki ya kulipa, mupaka ku gare, nikarudia na muzee.

Kwanza hakuipiga. Bapumbafu njo banapigaka kwanza. Aliinyanyula mupaka ku jicho, akaangalia shingo yake yote kama muntu mwenye kulenga bunduki, aone kama iko sawa. Batoto ya kambi wakapiga kelele: "Papa iko anapiga masasi!" Hakucheka. Akapitisha kucha pale mbao zinakutana. Akagonga tumbo na kidole, kutoka pembeni mupaka katikati, polepole, sawa vile munganga anagonga tumbo ya mutoto. Akaingiza pua mu kitundu, akanusa. Siku moja alinielezaka: kama inanuka kavu, mbao iko muzima, kama inanuka muhogo ya kuloweka, uiache pale pale.

"Muliweka waya ya kinga," anasema.

Ile kosa ni ya kwetu bote. Nyuzi zikikatika, mu maduka hakuna, tunafungua kabo ya freni ya kinga, ile baiskeli, tunatoa mule waya moja moja. Inalia muzuri. Lakini inavuta na nguvu, na gitare ya zamani ilitengenezwa kwa nyuzi laini. Tumbo inapanda, inakuwa kama ya mwanamuke wa mimba ya miezi ine. Ile ya Mama Exaucée ilikuwa imepanda kweli.

"Hii imekufa," baba Esdras anasema. "Ni kuni."

Miye namujua ule muntu. Gitare mubaya anaiweka chini mara moja, na anapanguza mikono ku suruali. Ile, aliitukana na iko pa magoti yake, mukono umeikumbatia. Tena tumbo ya kuvimba, nilishamuona anaitengeneza kwa pastere mbili.

"Lakini nitakusaidia, mama," anaongeza. "Nitaikamata. Nitakuletea redio yangu, inaongea muzuri sana."

Nikamuangalia. Yeye akaangalia godoro. Ku soko nzima banajua mulomo yangu haifungwake, lakini siku ile niliifunga. Mungu anisamehe, juu Mama Exaucée hakunikosea kitu.

"Redio? Sawa, papa," Mama Exaucée anasema. "Lakini mbele ya kwenda nayo, unipigie wimbo moja. Tangu baba mukwe alikufa, hakuna mwenye aliigusa."

Angesema kidole inamuuma. Angepiga mubaya, kama kijana wa chorale siku yake ya kwanza. Nilikuwa namukonyeza: piga mubaya, muzee, piga mubaya!

Akalegeza waya, akazisikiliza moja moja. Akaanza na kidole gumba peke, kiisha na bidole mbili. Sauti ilitoka chini, nzito, sawa muntu mwenye kuongea polepole mu chumba ingine. Mama wa jirani aliacha nguo mu beseni. Batoto wakakuja kukaa chini. Wimbo ikaisha. Hakuna mwenye aliomba ya pili, lakini yeye akaanza ya pili, macho imefungwa.

Njo pale adjudant Jessé, askari mwenye cheo, alitoka mu nyumba yake ya jirani, na singileti, sabuni ya kunyoa ku shavu moja.

"Ile gitare ni ya nani? Inauzwa?"

"Papa huyu ananipa redio," Mama Exaucée anasema.

"Redio! Mama, uko na kichwa muzima?"

Akatoa dola mu mufuko, bila kuuliza bei.

Mama Exaucée akamugeukia muzee. "Papa, ulisema ni kuni."

"Nilisema."

"Ulinidanganya?"

"Nilikudanganya, mama."

Hakumutukana. Heri angemutukana. Alinyoosha tu mikono, na baba Esdras akamurudishia gitare, mukono moja chini ya tumbo yake.

"Ondoa ile waya leo," akamwambia adjudant. "Weka nailoni. Usiiache ku jua. Unajua kupiga?"

"Nitajifunza," adjudant akajibu, anaicheka ile sabuni iliyomwangukia ku kifua.

Tulirudia ku moto moja, dereva mbele, muzee katikati, miye nyuma. Njia nzima nilikuwa naona tu mugongo yake. Tuliposhuka ku gare nikamwambia:

"Kuja kula kwangu. Bukari ya unga ya muhindi iko, samaki iko."

"Leo hapana, mama Djamila."

Alikuwa anaangalia bidole ya mukono wa kushoto. Waya ilikuwa imezichora misitari myekundu, moja ilitoka damu kidogo.

"Inauma?"

"Zamani ngozi ilikuwa ngumu hapa. Sasa ni ya mutoto."

"Itapona, muzee."

"Njo vile," anasema. "Bila gitare, siku tatu tu, inapona."

Akaingia, akafunga mulango.